Mwandishi Anayejitegemea na Haki ya Msomaji Wake

Mwandishi anayejitegemea, yaani yule ambaye hana kampuni ya kumlipia karatasi na wino, wala mhariri wa kumtetea, wala wakala wa kuvipeleka vitabu vyake katika miji ya mbali, bali huweka akiba shilingi kwa shilingi hata apate kuupeleka mswada wake kwa mpiga chapa, na baadaye hulala chumba kimoja na maboksi ya kitabu chake mwenyewe, anayo neema moja ambayo waandishi wa makampuni makubwa aghalabu hawaijui: baina yake na msomaji hakuna mtu wa tatu. Anayenunua hukipokea kitabu mkononi mwake, anayelaumu humlaumu usoni pake, na anayefurahi hujua mahali pa kuipeleka shukrani yake. Wengi huiacha neema hiyo ipotee bure, kwa kuwa hudhani kwamba kazi ya fasihi imekwisha siku kitabu kilipotoka mtamboni, na kwamba kilichosalia ni uchuuzi tu. Nakuandikia wewe uliye katika hali hiyo, au unayekusudia kuingia ndani yake, na rai yangu ni moja: mapenzi ya kweli baina ya mwandishi na wasomaji hayaletwi na matangazo, wala na sifa za marafiki, wala na wingi wa kuonekana mbele za watu, huletwa na kujibizana. Andika neno linalostahili kujibiwa, na jawabu likija, lipokee kwa taadhima, kisha nawe ulijibu.

Jambo hili si geni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki dunia yapata mwaka 1840, hakuwa na kitabu hata kimoja kilichopigwa chapa katika uhai wake. Mashairi yake yalikwenda sokoni na barazani, yakasema juu ya ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said wa Unguja, juu ya mahaba, juu ya ukata na fedha, na juu ya mambo ya majirani, na mengi kati yake yalikuwa ama majibu kwa watunzi wenziwe ama maswali yaliyomtaka mtu ajibu. Watu wakayahifadhi vifuani mwao. Miaka mingi baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka katika kumbukumbu hizo, akamsaidia mmisionari William Taylor kuyaandika, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa katika diwani. Yafaa uyatafakari hayo vizuri, ewe mwenye maboksi chumbani. Watu hawayabebi maneno kwa muda wa vizazi viwili kwa sababu mtungaji aliwahimiza wayabebe. Waliyabeba kwa sababu yalikuwa sehemu ya mazungumzo ambayo wao wenyewe, au baba zao, walikuwamo.

Basi kazi ya kwanza huanza kabla msomaji hajapatikana, nayo ni kumchagua mtu mmoja wa kumwandikia. Anayeandika kwa ajili ya umma wote huandika kama anayehutubia uwanja mtupu: sauti yake hupanda, maneno yake huvimba, na hakuna amwambiaye kwamba hasikiki. Mwana Kupona binti Msham, mama wa visiwa vya Lamu, alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, yapata mwaka 1858, alitunga utendi wa kumuusia bintiye Mwana Hashima juu ya dini, adabu, ndoa na makao ya nyumbani. Hakuanza kwa kuwaandikia wanawake wa pwani kwa jumla. Alimwandikia binti mmoja, aliyemzaa, ambaye alijua kwamba karibu atabaki bila mama. Na kwa kuwa alisema na mtu mmoja kwa moyo wote, akina mama wengine waliyachukua maneno yale wakawapa binti zao, yakanakiliwa kwa mkono nyumba kwa nyumba, mpaka yakawafikia wapiga chapa. Leo huenda tukahitilafiana naye katika baadhi ya mausia yake, hasa yale ya mke na mume. Lakini hakuna ausomaye utendi ule asihisi kwamba hapa pana mtu anayesema na mtu.

Mchague basi mtu wako. Awe mtu wa hakika, si mtu wa kubuni: shangazi yako ambaye husoma baada ya swala ya isha taa ikiwa karibu, au rafiki mliyesoma naye darasa la saba ambaye sasa ni kondakta wa basi na husoma gari linapongoja abiria. Andika jina lake juu ya ukurasa wa kwanza wa mswada, na kila umalizapo sura jiulize, je, hapa angeelewa? Hapa angekasirika, na je, ingekuwa haki akasirike? Hapa angenikatiza na kuniuliza nini? Pale ambapo angekukatiza, ama mjibu papo hapo, ama liache swali wazi kwa kusudi, ukijua kwamba umeliacha. Mswada ukiisha, utalifuta jina lake. Sauti uliyosema naye itabaki.

Kisha, kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, msomee mtu kwa sauti. Simaanishi wanafasihi wenzako, ambao watakusikiliza kwa sikio la ufundi, bali watu wa jambo lenyewe. Nimepata kumwona mwandishi mmoja kijana, katika mji wa Pangani, akisoma sura ya hadithi yake mbele ya baraza la mabaharia wastaafu waliokuwa wakicheza bao. Katika sura ile shujaa alitweka tanga mwezi wa Januari, akatoka Tanga kwenda Lamu kwa furaha, na siku ya tatu akatia nanga. Mchezo uliendelea, kete zikianguka mashimoni mwake, na ungedhani hakuna anayesikiliza. Mara mzee mmoja aliuzuia mkono wake hewani, kete bado zimo kiganjani, akasema, "Lamu, mwezi wa Januari? Na kaskazi hiyo inakupiga usoni, mwanangu, utafika lini?" Kijana akasema, "Basi mzee, nifanyeje?" Mzee akamwambia angoje kusi. Wakaanza wote kusema, kila mmoja na safari yake, mahali palipomzuia upepo, na siku alizokaa bandarini akila deni. Mwandishi aliacha kusoma akachukua kalamu. Sura ile iliandikwa upya: shujaa akangoja miezi ya kusi, na katika kungoja kule hadithi ikapata sehemu yake iliyo bora, maana mtu anayengoja upepo hupata wasaa wa kupenda, kugombana na kukopa. Kitabu kilipotoka, wazee wale walikiita kitabu chetu, na mgeni aliyefika barazani pale hakuondoka bila kuonyeshwa ukurasa wa Januari. Hakuna fedha inayoweza kununua tangazo la namna hiyo. Lakini nakusihi usiende barazani kwa tamaa ya tangazo, kwa sababu wazee huijua tamaa kwa harufu. Nenda kwa sababu hujui pepo kama wao.

Sasa nije kwenye barua, ambazo ndizo shina la mwongozo huu. Kwa neno barua nakusanya kila neno la msomaji linalokufikia likiwa na jina lake, liwe limeandikwa kwa kalamu, limetumwa kwa simu, au limeletwa na mpwa wake kwa mdomo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilikuwa mali ya serikali na lilisema mengi ambayo serikali ilitaka yasemwe. Lakini wasomaji waliligeuza likawa lao kwa njia ya barua na mashairi. Mtu aliweza kutoa fumbo la beti katika toleo moja, na mwingine, asiyemjua kwa sura, akalifumbua katika toleo la baadaye. Walimu, makarani na wakulima waliokaa mbali mbali walifahamiana kwa njia hiyo, na watunzi wengi walijulikana kwanza katika kurasa zile kabla ya kujulikana kwa vitabu. Hali kadhalika Shaaban Robert, ambaye kwa sehemu kubwa ya umri wake alikuwa karani wa serikali mchana na mwandishi usiku, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua tangu mwaka 1931 hadi 1958, zilizokuja kuchapishwa mwaka 2002 chini ya uhariri wa Mugyabuso Mulokozi. Ikiwa mtu mwenye kazi mbili na miswada chungu nzima alipata wasaa wa kumwandikia mtu mmoja kwa muda wa miaka 27, udhuru wa kukosa nafasi hautufai.

Weka anwani na namba yako ya simu mwishoni mwa kitabu, na juu yake andika sentensi moja ya kweli inayomwomba msomaji masahihisho au swali. Weka daftari. Katika daftari hilo andika jina la kila aliyekuandikia, mji wake, tarehe, na jambo alilolisema yeye ambalo hakulisema mwingine. Tenga siku moja katika juma kwa ajili ya kujibu, na siku hiyo usiandike kingine. Naijua hoja utakayoitoa, kwamba wasomaji wakiwa wengi siku moja haitatosha. Nami nasema, ikifika siku hiyo, jibu wachache vizuri kuliko wote kwa maneno yale yale, na wale usiowafikia waombe radhi wiki ifuatayo. Barua moja iliyonakiliwa na kupelekwa kwa watu mia huonekana kuwa ni nakala hata na mtoto.

Tuseme msomaji wa Muheza amekuandikia hivi: "Nimekisoma kitabu chako, nimekipenda mno. Lakini yule mtoto aliyeachwa kwa bibi yake, alikwenda shule?" Mwandishi mwenye haraka humjibu: "Ahsante sana ndugu kwa kuniunga mkono. Kitabu changu cha pili kipo njiani, bei yake ni shilingi elfu kumi, waambie na wenzako." Jawabu hilo lina adabu ya nje na halina adabu ya ndani. Msomaji ameuliza juu ya mtoto, nawe umemjibu juu ya mfuko wake. Amekuja kwako na kitu adimu kabisa katika dunia ya mwandishi, yaani amemwamini mtu uliyembuni hata akamwonea huruma, akalala akiwaza kama alipata elimu. Mjibu kuhusu mtoto. Mwambie ulivyowaza ulipokuwa ukiandika, au ukiri kwamba hukuwaza, na umuulize yeye anaonaje: huyo bibi, kwa hali aliyokuwa nayo, angeweza kulipa sare na madaftari? Huenda akakuandikia kwamba yeye mwenyewe alilelewa na bibi, na sare yake ilitokana na kuku wawili waliouzwa gulioni. Hapo utakuwa umepata msomaji, naye atakuwa amempata mwandishi, na kitabu cha pili hutahitaji kumtajia bei, ataiuliza mwenyewe.

Kuna barua za lawama, nazo zina haki kuliko barua za sifa, kwa sababu mwenye lawama amepata taabu zaidi. Mtu akikuonyesha kosa la hakika, jina la mtaa lililokosewa, mwaka uliopotoshwa, msiba uliosimuliwa kinyume cha ada za wenyewe, mshukuru, na katika nakala zilizobaki tia kijikaratasi cha masahihisho, na ukipiga chapa tena mtaje kwa jina akikuruhusu. Mtu akikulaumu kwa jambo la rai, mweleze rai yako mara moja kwa utulivu, kisha umwachie yeye neno la mwisho, maana msomaji aliyepewa neno la mwisho hurudi, na aliyenyang'anywa hurudi pia, lakini akiwa na shahidi. Lakini mtu akikutukana wewe, mama yako au kabila lako, hakuna deni la kujibu. Haki ya msomaji ni haki ya mtu anayesema juu ya maandishi.

Zipo nyingine zinazohitaji hadhari kubwa. Atakuandikia mtu akikuomba fedha, akidhani kwamba mwenye kitabu ni tajiri. Mpe kile ambacho ungempa kama jirani, au mweleze kwa upole kwamba huna, na usimwahidi. Atakuletea mwingine mswada wake wa kurasa mia tatu. Msomee kumi, umwambie ukweli juu ya hizo kumi kwa insafu, umtajie jambo moja alilolifanya vizuri na moja la kutengeneza. Ukimwambia kwamba kazi yake ni nzuri mno ilhali hukuisoma, umemdhulumu miaka yake. Na siku moja, ukiwa umeandika neno la kweli juu ya ndoa, au ulevi, au mtoto aliyepotea, atakuandikia mtu asiyekujua, akufunulie jambo ambalo hajamfunulia hata dada yake. Hiyo ni amana. Usimsimulie mwenzako hata kwa kulificha jina, usiigeuze kuwa hadithi bila idhini yake ya wazi, na usijifanye mganga wa maradhi usiyoyajua. Ikiwa mtu huyo yumo hatarini, msaidie kumfikia anayeweza kumwokoa, awe jamaa, mwalimu, sheikh, padri au daktari. Nawajua waandishi hodari waliochukua siri za wasomaji wakazifanya sura za vitabu, na vitabu vikauzwa. Sina neno la kuwatetea.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, maana jambo lenyewe ni jepesi kwa mwenye nia safi. Taja bei yako bila haya, kwa kuwa karatasi ililipiwa na wewe una watoto. Lakini usiuze urafiki, wala usimfanye msomaji aone kwamba asiponunua amekuvunjia heshima. Muuza vitabu wa mezani, yule anayevipanga kando ya barabara asubuhi na kuvifunika kwa nailoni mvua inapokuja, mlipe fungu lake kwa wakati na umpe nakala moja ya hiba aisome, kwa kuwa yeye huulizwa kila siku "Hiki kinahusu nini?" na jawabu lake ndilo utangulizi wa kitabu chako katika mji ule. Ukiahidi kwamba sehemu ya pili ya hadithi itatoka mwezi wa Rajabu, itoke Rajabu. Waandishi wa hadithi za upelelezi na mapenzi waliong'ara Dar es Salaam tangu Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na kuendelea na akina Elvis Musiba, Hammie Rajab na Ben Mtobwa, ambaye alianzisha kampuni yake ya Heko, walidharauliwa na wasomi wengi kwa kuitwa waandishi wa fasihi pendwa. Sikubaliani na dharau hiyo. Walimjua msomaji wao, walimpa kitabu kinachoingia mfukoni, na alipompenda mhusika, kama Willy Gamba wa Musiba, walimrudishia tena. Kulikuwa na uaminifu katika kazi ile, na vijana wengi walijifunza kusoma kwa hiari, si kwa mtihani, kwa sababu yake.

Utakutana pia na mtu aliyekidurufu kitabu chako. Aghalabu ni mwanafunzi, naye hukuonyesha nakala yake kwa furaha, iliyobanwa kwa pini, bila kujua kwamba amekula jasho lako. Moyo utakuuma, na una haki. Lakini kabla ya kumkemea muulize alikipata wapi cha kudurufu, na kwa nini hakununua. Akikwambia kwamba katika wilaya yake hakuna duka la vitabu hata moja, na nakala moja ya mwalimu imezunguka kwa wanafunzi arobaini, basi umepata habari iliyo na thamani kuliko bei ya nakala moja: unajua sasa mahali ambapo unangojwa. Peleka vitabu huko, uviuze kwa bei ya mafungu kwa shule. Mwenye mashine anayedurufu mamia na kuyauza ni habari nyingine, naye ashtakiwe. Msomaji wa kuazima, vile vile, usimhesabu kuwa hasara. Katika mitaa yetu kitabu kimoja husomwa na mke, wifi, jirani na mtoto wa jirani, na huenda asiyenunua ndiye atakayekuandikia barua iliyo bora.

Neno kidogo juu ya lugha ya wasomaji. Kiswahili kimekwenda mbali kuliko vitabu vyetu. Atakuandikia mtu wa Maskati ambaye wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake kitakuwa na maneno ambayo mjini sasa husemwa na vikongwe tu; atakuandikia mtu wa Lubumbashi, na viambishi vyake havitakwenda kama ulivyofundishwa shuleni. Usimsahihishe yeyote kati yao. Hawakukuandikia ili uwape maksi. Jibu kwa Kiswahili chako, polepole na wazi, uliza maana ya neno usilolijua, na ukilipenda liandike daftarini. Mwandishi anayejitegemea, ambaye hana silabasi ya kumfunga, angekuwa wa kwanza kuufurahia utajiri huo.

Nahofia kwamba baada ya kusema haya yote mtu atanielewa vibaya, adhani kwamba namwita mwandishi awe mtumwa wa wasomaji, awape kila wakitakacho. Hasha. Kujibu si kutii. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, aliwakera watu wengi kwa kusema waziwazi habari za binti aliyelelewa kwa ukali na kuharibikiwa, na kitabu kikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye kikaja kufundishwa katika mashule yale yale. Angaliwauliza wazazi kwanza iwapo wangependa kuisoma habari ile, wengi wangalisema la. Lakini kitabu kile kilikuwa swali kwa wazazi wenyewe, swali gumu lililoulizwa kwa huzuni na si kwa kejeli, na msomaji huweza kumsamehe mwandishi anayemuuliza swali gumu kwa huzuni. Asichokisamehe ni kudanganywa ili apendezwe. Kwa hiyo usibadili mwisho wa hadithi kwa kuwa wasomaji kumi wameulilia; badili tu pale walipokuonyesha kwamba mwisho ule si wa kweli. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi yako, wala hakuna atakayeifanya kwa niaba yako.

Kwa kuhitimisha mifano yangu nitamtaja mtu mmoja, ambaye kwa maoni yangu ameionyesha njia hii kuliko wengi katika zama zetu: Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1952 na kujulikana zaidi kwa jina la Mau. Ni imamu, na kwa muda mrefu riziki yake ilitokana na kuoka mikate. Katika miaka ya 1970 alitunga Wasiya wa Mabanati, shairi la kuwahadharisha wasichana, likaimbwa na kutiwa katika kaseti, na kaseti zikaenea mwambao kwa kunakiliwa mkono kwa mkono, bila duka kubwa wala mchapishaji wa mbali. Tangu hapo watu wamemwendea na shida zao, huyu ana msiba, huyu ana ugomvi, huyu ataka kumuusia mwanawe, wakimwomba awatungie, naye ametunga. Wengine hudhani kwamba kuagizwa hupunguza hadhi ya sanaa. Mimi naona kinyume chake. Mtu anayekuletea msiba wake na kusema, "Ustadh, nisemee hili," amekupa daraja ambayo hakuna mhakiki awezaye kukupa. Na mshairi anayekaa mahali anapojulikana, akauza mkate asubuhi kwa watu wale wale watakaolisikia shairi lake jioni, hawezi kusema asilolijua, kwa kuwa kesho atakutana nao.

Si lazima uoke mkate. Lakini kaa mahali ambapo wasomaji wako wanaweza kukupata. Nenda kwenye shule iliyokualika hata kama nauli ni yako. Ukifika usizungumze saa nzima juu ya nafsi yako, zungumza robo saa na uache maswali. Hudhuria harusi na matanga ya watu wanaokusoma, ukialikwa, kama mtu na si kama mwandishi, na vitabu uviache nyumbani. Msomaji akikusimamisha sokoni, simama. Na ikiwa katika daftari lako, au ndani ya simu yako, imo barua ya msomaji uliyoipokea mwezi uliopita na bado hujaijibu, acha kunisoma mimi, uijibu hiyo kwanza.